Namna wachimbaji wa makala wanavyoita dindon wa pori

Sisi tunajua dindon wa ku lupango. Anajivimbisha, anafukuza watoto na mbwa, na siku ya Noeli ao ya ndoa anaishia mu sufuria. Lakini dindon huyo iko na ndugu zake wenye hawajafugwa hata siku moja. Wanaishi mu pori za Amerika ya Kaskazini, wanalala juu ya miti, wanakimbia kuliko mutu, wanaruka vizuri, na kati ya ndege wote wenye kuwindwa kule ni wao wanatesa muwindaji zaidi. Bunduki peke yake haisaidii kitu. Kwanza unapaswa kumuita, na yeye aamini kama wewe ni dindon.

Kazi hiyo inafanywa mu majimbo mengi ya Marekani, lakini leo tutakaa pahali pamoja: milima ya Appalaches, upande wa Pennsylvania, West Virginia na Kentucky. Ni inchi ya makala ya mawe, namna ile yenye ilichimbuliwa kwetu Luena. Mwisho wa miaka ya 1800 na mwanzo wa miaka ya 1900, kampuni zilileta watu wa kuchimba kutoka kila upande: Waitalia, Wapolandi, Wahungari, watu Weusi wa kusini, pamoja na wakulima wa milima ile ile. Ziliwajengea nyumba zenye kufanana, mustari nyuma ya mustari, na mangazini ya kampuni kwenye deni ilikatwa ku mushahara. Mwenye babu yake aliishi mu kambi ya kampuni ku Likasi ao Kipushi, haina haja tumuelezee zaidi.

Wajukuu wa watu wale, wengine wangali wanachimba, na wengi wangali wanawinda. Wakati wao mukubwa ni mwezi wa 4 na wa 5. Baridi kali imeisha, miti inaanza kutoa majani, na dindon dume anaanza kulia kila asubui juu ya tawi lake, mbele ya jua kutoka. Sauti yake, golo-golo-golo, inaweza kusikika kilometre moja na zaidi kama hakuna upepo. Analia juu anaita majike.

Saa za kazi zinaingia vizuri mu mambo hayo. Mine nyingi zinatumika posti tatu, na ile ya usiku, wachimbaji wa kule wanaiita posti ya bundi. Mwenye iko posti ya pili anaweza kuwinda asubui yote, arudie ku nyumba, anawe, kisha aende kushuka mu shimo. Mwenye kutoka posti ya bundi anaenda moja kwa moja mu pori na macho mekundu, na mara nyingine usingizi unamukamatia chini ya muti, ndege anapita karibu ya miguu yake.

Bundi mwenyewe pia iko na kazi yake hapa. Giza ingali iko, muwindaji haone kitu na hajue dindon alilala ku muti gani. Basi analia sawa bundi, kwa kinywa chake mwenyewe, mikono pembeni ya midomo. Dindon dume mwenye kusikia kelele ya gafula, ikuwe bundi, ikuwe kunguru, ikuwe mulango wa gari, hawezi kujizuia: anajibu. Akijibu, amejitoa. Kwetu, mutu akilia sawa bundi ile saa, majirani watafunga milango na kuanza kuomba. Kule ni namna ya kuuliza njia.

Kisha ndipo kazi ya kweli inaanza. Mu desturi ya dindon, dume analia na jike anamufuata. Muwindaji anageuza mambo: anakaa chini, mugongo ku muti, anajifanya jike mwenye kiburi, mwenye kujibu lakini mwenye hatembei. Anangoja dume atoke kwake, aje kumutafuta. Dume kijana wa mwaka mumoja anakuja mbio. Dume wa miaka mitatu ao ine amesikia uongo mingi na ameona wenzake wakianguka; yeye atasimama mbali, atalia, atanyamaza, atazunguka nyuma, atakaa saa nzima bila kusogea. Macho yake yanaona rangi na yanaona karibu pande zote bila kugeuza kichwa. Ukikuna pua, amekwenda. Kitu kimoja tu anakosa: kunusa. Wawindaji wa kule wanasemaka kama dindon angekuwa na pua ya swala, hakuna mutu angekula nyama yake.

Sasa, sauti ile ya jike inatoka wapi? Mu mangazini kunauzwa vyombo vya fabriki, bei ya chini, na vinatumika. Lakini watu wengi wa milima ile wanapenda chombo chenye kutengenezwa na mukono, chao wenyewe ao cha rafiki, na mimi ninaona wako na sababu.

Chombo cha zamani kuliko vyote ni cha mifupa. Wenyeji wa kwanza wa Amerika walikuwa wanakitengeneza mbele Wazungu wafike. Unakamata mifupa mitatu ya bawa la dindon: ule mwembamba, ule wa katikati, na ule mukubwa wenye kushika ku bega. Unaichemusha, unatoa mafuta ya ndani yote, unakata ncha, unaingiza mumoja mu mwingine kutoka mudogo mpaka mukubwa, na unafunga pahali pa kukutania na nta ao kole. Inakuwa filimbi, lakini hauipulizi. Unavuta hewa, midomo imekazwa sawa mutu mwenye kubusu mutoto. Mwenye hajazoea anatoa sauti ya panya. Mwenye kuzoea anatoa jike muzima.

Kisha kuna kisanduku cha muti. Mu 1897, mutu mumoja wa Dardanelle, mu Arkansas, jina lake Henry Gibson, alipata breve ya kisanduku chake, na mpaka leo visanduku vingi vinafuata mupango ule. Ni kisanduku kirefu chenye kuingia mu mukono mumoja, chembamba, tumbo tupu, na kifuniko chenye mukia, chenye kushikwa na visi moja ku ncha ili kiweze kwenda kuume na kushoto. Kifuniko kikikwaruza ku mudomo wa ubavu wa kisanduku, muti unalia. Ubavu mumoja unachongwa mwembamba zaidi kuliko wa pili, kusudi upande huu ulie sawa jike muzee na upande ule sawa jike kijana.

Musomaji mwenye kutumika menuzeri ataelewa kama shida iko kwenye ubavu ule. Sauti ya jike dindon haiko sauti moja. Kila kilio kinaanza juu, safi, kisha kinavunjika na kuanguka chini, kwa nguvu ya kukwaruza, kiau, kiau, kiau. Kisanduku chenye kulia juu tu, ao chini tu, ni muti wa kupikia. Basi mutengenezaji anachonga kidogo, anajaribu, anapiga musasa kidogo, anajaribu tena. Ubavu ukiwa munene, sauti inabakia ndani. Akipitisha kipimo nusu ya milimetre, sauti imekufa na hairudi; atatupa kazi ya siku nzima. Wanachagua muti kwa kuugonga na kidole na kusikiliza: sedre mwekundu, walnut, popla. Wengine wanatafuta mbao za kale, za ghala yenye kuanguka ao za kitanda cha nyanya, juu muti wenye kukauka miaka makumi unalia vizuri zaidi. Kwa kifuniko wanapakaa craie, lakini si kila craie: yenye mafuta inaharibu. Na mvua ni adui. Kisanduku chenye kulowa hakitoi hata neno moja, ndio maana utaona mwanaume mukubwa na ndevu akitembea mu pori na chombo chake mu mufuko wa plastiki wa mukate.

Visanduku vya watengenezaji fulani vimekuwa sawa zahabu. Vile vya Neil Cost, wa South Carolina, mwenye alikufa mu 2002, vinauzwa leo kwa maelfu ya dola, na wenye kuvinunua wanaogopa kuvipeleka mu pori. Ninaona hiyo ni huzuni kidogo kwa kisanduku.

Chombo cha tatu ndicho kinagusa wachimbaji karibu zaidi: ardoise. Ni kipande cha jiwe jeusi, namna ile yenye watoto walikuwa wanaandikia ku masomo. Unalikwaruza na kijiti chenye kuchongwa, mara nyingi kimeingizwa mu gunzi la hindi ili kushika vizuri na ili sauti ipate tumbo ya kulilia. Pennsylvania iko na machimbo ya ardoise ya kweli, na vipande vya kale vilitoka ku paa za nyumba ao ku masomo yenye kufungwa. Lakini mu shimo la makala, neno hilo lina maana ingine. Wachimbaji wa Appalaches wanaita ardoise lile jiwe jeusi lenye kukaa juu ya kichwa chao, hata kama wenye kusoma udongo wanasema ni jiwe la namna ingine. Mu mine zile, kuanguka kwa jiwe la juu kuliua watu wengi, mumoja leo, wawili kesho, kuliko kulipuka kwa gazi kwenye kuandikwa mu magazeti. Mu carrière za Kolwezi, creuseur yeyote anajua: adui hayuko mbele, iko juu. Kwa hiyo mutu mwenye kukaa chini ya muti asubui, na ardoise ndogo mu mukono, akiikwaruza polepole ili imutolee sauti ya ndege, anashika jina la kitu chenye anaogopaka kila siku.

Vijana wanapenda chombo cha ine: kipande cha mupira mwembamba sana, kimevutwa juu ya chuma kidogo chenye umbo la kwato ya farasi, unakiweka juu ya ulimi, ku dari ya kinywa. Kinaacha mikono yote miwili huru kwa bunduki. Kujifunza ni taabu, inatapisha, na mu nyumba watu wanachoka haraka na kelele. Bibi nyingi wamefukuza waume wao wakajifunzie mu gari.

Kuwinda na rafiki ni tofauti na kuwinda peke. Mara mingi dindon dume anafika metre 50 ao 60 na anasimama. Anaona pahali sauti ilitokea, haone jike, anasema moyoni: hapa kuna kitu. Bunduki ya calibre 12 haimufikie vizuri pale. Wanahesabu metre 35, 40, na wanalenga kichwa na shingo tu, juu mabawa na kifua vinakinga risasi ndogo. Basi watu wawili wanagawanya kazi. Mwenye bunduki anakaa mbele. Mwenye kuita anakaa nyuma yake, metre 20 ao 30. Ndege akisimama mbali na sauti, anakuwa amesimama karibu na bunduki. Mwenye kuita hapigi risasi na mara nyingine hata haone kitu. Anasikiliza majani, anasikiliza dindon akivimba na kutoa ile sauti ya chini sawa ngoma, na anajua aseme ao anyamaze. Kunyamaza ndiko kugumu. Wengi wanaharibu asubui kwa kuita kupita kiasi, sawa muposaji mwenye kupiga simu mara kumi kwa siku.

Na hapa tunafika pahali pa kuogopesha. Sauti yenye kudanganya dindon inadanganya pia mutu. Muwindaji mwingine, mwenye amelala ku upande wa pili wa kilima, anasikia jike akiita, anasikia labda hata dume akijibu. Anaanza kutambaa kuelekea sauti. Ku kichaka kitu kinatikisika. Kichwa cha dindon dume, wakati ana hamu, kinakuwa chekundu, cheupe na cha bulu. Kama mwenye kukaa pale amevaa kofia nyekundu, soksi nyeupe zenye kutokea chini ya suruali, ao ametoa mu mufuko kitambaa cheupe kufuta pua, mwenye kutambaa ataona kile anapenda kuona. Watu wameuawa hivyo, na wengine wamebakia na risasi mu uso na macho. Mara mingi mwenye kupiga si mugeni: ni rafiki, ni ndugu, ni mutu wa ekipe moja, juu hao ndio wanawinda pori moja siku moja.

Kwa hiyo kanuni zao ni kali, na mutu mwenye kuzivunja hakaribishwi tena. Kila mutu anasema mbele giza iishe atakaa wapi, na hatoki pale bila kuwajulisha wenzake. Hakuna kuvaa nyekundu, nyeupe wala bulu, hata nguo ya ndani yenye kuonekana ku shingo. Unakaa ku muti mupana kuliko mabega yako, ili mwenye kuja nyuma asikuone vibaya na risasi isikufikie. Ukiona mutu anakuja, haupungi mukono na haupigi muluzi, juu mukono wenye kupunga ni bawa na muluzi ni ndege. Unasema kwa sauti kubwa ya mutu, bila kutikisika, mpaka asimame. Ndege mwenye kufa anafunikwa na kitambaa cha rangi ya machungwa mbele ya kubebwa. Na hautambai hata kidogo kuelekea sauti ya dindon, hata kama una hakika. Mu Pennsylvania hiyo haiko adabu tu, ni sheria: mu majira hayo ndege anapaswa kuitwa, hafuatwi.

Wachimbaji hawapati shida kuelewa. Mbele ya kupiga baruti mu shimo, kapita anataka kujua kila mutu iko wapi. Hasemi «ninafikiri». Anahesabu vichwa.

Ni vizuri kujua pia kama ndege huyo alikaribia kwisha. Mwanzo wa miaka ya 1900, musitu wa Appalaches ulikatwa karibu wote: mbao za nyumba, miti ya kusimamisha mashimo ya makala, maganda ya kutengeneza ngozi. Dindon bila miti hana pahali pa kulala wala mbegu za kula wakati wa baridi. Juu ya hayo, watu waliwinda bila kipimo, muchana na usiku, jike na dume, kwa kula na kwa kuuza. Mu majimbo mengi hakubakia hata mumoja.

Wakubwa wa Pennsylvania walitafuta mwenye kosa, na wakamupata haraka: mugeni. Mu 1909 walipitisha sheria yenye kukataza mutu wa inchi ingine, mwenye hajapata uraia, kuua ndege ao nyama ya pori, na kuwa na bunduki ya kuwinda. Ilikuwa inaelekezwa kwa watu wa machimbo, Waitalia zaidi. Mumoja wao alisambisha mpaka ku tribunal kubwa ya Washington, na mu 1914 ile tribunal ikasema sheria ni ya haki. Wenye kukata musitu muzima hawakuguswa na sheria ile. Muchimbaji mwenye kupiga ndege kwa ajili ya sufuria ya watoto ndiye alinyanganywa bunduki.

Kurudi kwa dindon kulichukua miaka makumi. Mu 1937 Marekani iliweka sheria kusudi feza ya kodi yenye kukatwa ku bei ya bunduki ndefu na risasi, leo asilimia 11, irudi ku majimbo kwa kuchunga nyama za pori. Walijaribu kwanza kulea dindon mu vizimba na kuwaachilia mu pori. Ilikuwa kupoteza feza: ndege wale hawakujua kuogopa, walikufa wote ao walienda kukaa ku lupango za watu. Kuanzia miaka ya 1950 walipata mayele mengine: wanamwanga mahindi, dindon wa pori wa kweli wanakuja kula, na wavu mukubwa unarushwa juu yao na mizinga midogo. Wanawekwa mu makartoni na kupelekwa ku musitu wenye uliota tena lakini wenye haukuwa na ndege. Mu 1973, wakati chama kikubwa cha wawindaji wa dindon kilianzishwa, walikadiria dindon milioni 1,3 mu inchi nzima. Leo wanahesabu karibu milioni 6. Miaka hii, mu majimbo fulani ya kusini, hesabu imeanza kushuka tena, na serikali zimepunguza idadi yenye mutu anaweza kupiga.

Ku Pennsylvania majira ya kuwinda ya mwezi wa 4 na 5 yalifunguliwa mu 1968 tu. Ni ndege mwenye ndevu zenye kuonekana ku kifua tu. Majuma ya kwanza unaacha saa sita ya muchana, juu majike wanalalia mayai chini, kumi ao kumi na mbili, siku 28, na mutu mwenye kuzunguka mu kichaka anawafukuza. Dume akipigwa wakati ule, majike wamekwisha kupata mbegu yake. Ndio maana ndege anaweza kuwindwa kila mwaka na asiishe.

Kitu kimoja kitashangaza watu wa Katanga. Leo, moja ya pahali pazuri pa kukuta dindon ku West Virginia na Kentucky ni juu ya mine za kale, zile za kuchimbuliwa wazi. Sheria ya 1977 inalazimisha kampuni kurudisha udongo na kuotesha majani baada ya kutoa makala. Haikuwa sawa musitu wa zamani, na watu wa kule wako na manunguniko mengi juu ya maji na milima yenye kukatwa vichwa. Lakini mu majani yale kuna panzi, na watoto wa dindon wanaishi kwa panzi. Mama anawatosha mu miti asubui na kuwapeleka pale pahali baba zetu wa kazi walikuwa wanatumika. Mutu akisimama ku bora la shimo fulani la kwetu, lenye kubakia na maji ya rangi na hata jani moja haliote, anaweza kujiuliza maulizo yake.

Sisi hatuna dindon wa pori. Tuko na kanga, na wao ni ndugu wa mbali. Hata majina yao yamechanganyika: wenye kusoma nyama walipatia dindon jina Meleagris, lenye kwa Wagiriki wa zamani lilikuwa la kanga wa Afrika. Wafaransa nao walisema kuku wa Inde, ndipo dinde na dindon, wakati ndege alitoka Mexico. Kanga naye analala ku miti, anatembea na wenzake, anaita wenye kupotea, na mu pori yenye kukatwa kwa makala ya kupikia anapungua. Kwetu sheria ya kuwinda iko, ni ya tarehe 28 mwezi wa 5, 1982, na kuna miezi yenye kufungwa. Kuita pia hatukosi: wawindaji wa musitu wa ikweta wanaita mboloko kwa pua, wakiziba na vidole, na mboloko anakuja mbio mpaka ku miguu.

Tubakie na ndege wetu wa Appalaches. Dume muzima ana kilo 8 mpaka 11, jike karibu kilo 4. Wanamutundika mbele ya nyumba, wanamupima, wanapima ndevu na miiba ya miguu, na wanabishana. Kifua kinakatwa vipande vyembamba, kinapakwa unga na kukaangwa. Ni nyama ya rafiki mwenye alikaa nyuma na mwenye alikaa mbele, wanagawanya sawasawa. Miguu ni ngumu, ndani kuna mishipa sawa sindano, inapikwa siku nzima mu supu. Mabawa hayana nyama ya kusema. Lakini hayatupwi. Yanachemushwa kando, mu sufuria ya kale, na ile mifupa mitatu inawekwa ku dirisha ikauke.